Kamba, muda na sharti

Sentensi iliyonitoa jasho kuliko zote katika kazi yangu ya kutafsiri haikuwa ya falsafa wala ya mahakamani. Ilikuwa kwenye kijitabu cha maelekezo ya mashine, kurasa za mwishomwisho ambazo watu huzipita bila kuzisoma: "The cord can be replaced as long as the new one is as long as the old one." Hakuna neno gumu hapo. Nikaandika, kwa haraka ya mtu anayetaka kufunga kazi kabla giza halijaingia: "Waya unaweza kubadilishwa kwa muda mrefu kama ule mpya ni mrefu kama ule wa zamani."

Mhariri wangu, mzee mpole wa maneno lakini mkali wa kalamu, alinirudishia ukurasa akiwa ameizungushia sentensi ile duara jekundu. Pembeni aliandika: "Mwanangu, huu muda mrefu umetoka wapi?"

Nilirudi kwenye Kiingereza nikiwa tayari kubishana. "Long" si ndiyo hiyo hapo, tena mara mbili? Nikaisoma kwa sauti. Nikaisoma tena. Mara ya tatu ndipo nilipoona kwamba zile "as long as" mbili, zinazofanana herufi kwa herufi, hazifanyi kazi moja. Ya kwanza haipimi chochote. Inaweka sharti, yaani mradi. Ya pili ndiyo inayoshika utepe wa kupimia na kulinganisha waya na waya. Kwa hiyo: "Waya unaweza kubadilishwa, mradi mpya uwe na urefu sawa na wa zamani." Ni jambo la sekunde tano ukishaliona. Mimi lilinichukua jioni nzima, na aibu yake imenikaa hadi leo.

Kinachonisikitisha ni kwamba ile "kwa muda mrefu kama" yangu haikufa pale kwa mzee. Ipo kila mahali. Fungua ukurasa wowote uliotafsiriwa na programu iliyoachwa ifanye kazi bila msimamizi, utaikuta imekaa kitako: "unaweza kutumia akaunti hii kwa muda mrefu kama unakubali masharti". Nikiiona huwa najisikia kama mtu aliyekutana na mwanawe mtundu kwenye nyumba ya watu.

Shuleni tulifundishwa vishazi tegemezi vya Kiingereza, yaani vipande vya sentensi visivyoweza kusimama peke yake, kwa jedwali. Safu ya kwanza wakati: "when", "while", "until", "as soon as". Safu ya pili masharti: "if", "unless", "provided that". Safu ya tatu ulinganisho: "as", "than", "as if". Tulikariri kama wimbo, na mwalimu aliyekuwa akitufundisha alikuwa hodari kweli, simlaumu. Ila jedwali lile lilitujengea imani moja mbovu, kwamba kila kirai kina safu yake na kinalala humo usiku na mchana. Hakuna aliyetuambia kwamba "as long as" ina vitanda vitatu.

Tazama. "My rope is as long as yours": kamba yangu ina urefu sawa na yako. "You can stay as long as you like": kaa kadiri upendavyo, siku moja au mwaka. "You can borrow it as long as you bring it back": kiazime, mradi ukirudishe. Kamba, muda, sharti. Ukichanganya ya pili na ya tatu unapata vichekesho. Niliwahi kuona sentensi ya pili imetafsiriwa "unaweza kukaa mradi unapenda", ikawa kama mwenyeji anamwonya mgeni kwamba siku atakapoacha kupapenda mahali hapo afungashe virago.

Njia ninayoitumia sasa ni ya kizembe lakini haijaniangusha. Kwanza najiuliza: naweza kuchukua utepe nikapima? Kama naweza, ni ulinganisho. Kama siwezi, najiuliza: naweza kuweka "muda wote ambao" na maana ikabaki? Kama inabaki, ni wakati. Kama inatetereka, najaribu "mradi". Mara nyingi inaingia bila kelele.

"As far as" nayo ni ya ukoo huohuo. "We walked as far as the river" ni umbali unaopimika: tulitembea hadi mtoni. "As far as I know" haina mto wala hatua. Ni mpaka wa ujuzi wangu, kadiri nijuavyo. Siku hizi nasikia watu wakisema "kwa umbali ninaojua", na meno yananiuma.

Kuna kosa jingine la ulinganisho ambalo sisi wa Kiswahili tunalifanya bila kujua kwa nini. Tunasema "he is tall as me". Tunaiangusha ile "as" ya mbele. Sababu iko mdomoni mwetu: "ni mrefu kama mimi". Sisi tunatumia "kama" moja, imekaa katikati, inatosha. Kiingereza kinataka mbili, moja kila upande wa sifa, kama vipini viwili vya sufuria. Vilevile "kuliko" yetu haigusi sifa hata kidogo: mrefu, mrefu kuliko. Basi badala ya "taller than" tunaandika "tall than", au tukishtuka tunazidisha chumvi na kuandika "more taller than". Nilizoea kuwasahihisha wengine kosa hilo huku mimi mwenyewe nikilifanya nikichoka.

Baada ya aibu ya waya nilianza kuchimba. Nilitaka kujua neno dogo kama "as" lilipata wapi ujasiri wa kuingia kila mahali. Nikakuta kwamba katika Kiingereza cha Kale, kile kilichozungumzwa mpaka kufikia karne ya 12, lilikuwa neno refu zaidi: "eallswa", maana yake "hivyo hivyo kabisa". Likachakaa kwa kutumiwa, likapoteza herufi moja baada ya nyingine. Mabaki yake yaliyosagika sana ni "as", na yaliyosagika kidogo ni "also". Hayo mawili ni neno moja lililogawanyika njiani. Nilipojua hivyo, "as long as" ikaanza kusikika tofauti: hivyo hivyo mrefu, hivyo hivyo. Ni mizani. Unaweza kupakia juu yake kamba, unaweza kupakia muda.

"Than" na "then" nazo ni hivyohivyo. Zilikuwa neno moja, na kwa karne nyingi watu waliandika yoyote kati ya hizo bila kujali. Yaani neno la kulinganisha na neno la "kisha" ni ndugu wa tumbo moja. Na "soon"? Zamani, ilipokuwa "sona", ilimaanisha papo hapo. Leo ni "baadaye kidogo". Binadamu wameahidi papo hapo na kuchelewa vizazi kwa vizazi mpaka neno lenyewe limekata tamaa. Ndiyo maana Kiingereza kinapotaka papo hapo ya kweli lazima kilifunge kwa kamba mbili: "as soon as".

Lakini iliyonifurahisha zaidi ni "unless". Nilidhani ni neno la sharti tangu kuzaliwa. Kumbe ni ulinganisho uliobadilisha kazi. Katika karne ya 15 lilikuwa bado maneno mawili, "on less", kwa mfano wa Kifaransa "à moins que": kwa sharti lililo pungufu ya hili, haiwezekani. "Less" ya kupima ndiyo hiyohiyo iliyojificha mkiani. Na kwa kuwa ukanusho umekwisha kumezwa ndani ya neno, huwezi kuongeza mwingine. Sisi tunaongeza. Kiswahili kinasema "usipokuja, sitaondoka", na kile "-sipo-" ni kikanushi cha wazi, kwa hiyo mkono unaandika wenyewe "unless you don't come". Hapo umekana mara mbili na umesema kinyume: ukija ndiyo nitabaki.

Nilimpelekea mzee matokeo ya uchimbaji wangu kwa majivuno kidogo, nikamalizia kwa malalamiko. "Mzee, lugha gani hii? Kirai kimoja kinalinganisha, kinaweka sharti, kinataja muda!"

Hakunijibu. Alinipa karatasi akaniambia niandike sentensi tano zenye "kama", ila "kama" isifanye kazi moja mara mbili. Nikaandika. Ana nguvu kama simba. Kama unakuja, niambie. Sijui kama atakubali. Walikuja watu kama ishirini. Anacheka kama hana shida duniani. Nilipofika ya tano nikaweka kalamu chini.

"Haya," akasema, "hiyo yetu moja inalinganisha, inaweka sharti, inauliza, inakadiria, na inaigiza. Umewahi kuchanganyikiwa?"

"Hapana, mzee."

"Basi muache Mwingereza na yake."

Kisha akanitajia "maadamu". Neno hili tunalitumia kwa sharti au sababu: maadamu umekuja, keti, maadamu analipa, mwache. Limetoka Kiarabu, "ma dama", na huko maana yake ya asili ni ya muda: kadiri linavyodumu. Neno la kudumu likawa neno la sharti. Ni njia ileile iliyopitiwa na "as long as", na walioipitia hawakuambiana. Ukifikiri kidogo utaona kwa nini. Jambo nililolikubali kwa muda wote ambao unafanya vizuri ni jambo nililolikubali kwa sharti kwamba ufanye vizuri. Muda ukikatika, ruhusa imekatika.

Wanasheria waliligundua hilo zamani. Uingereza, sheria ya mwaka 1701 iliyopanga urithi wa kiti cha ufalme ilisema pia kwamba majaji washike kazi "quamdiu se bene gesserint", Kilatini cha "kwa muda wote watakaokuwa na mwenendo mwema". Kabla ya hapo mfalme angeweza kumwondoa jaji kwa kutompenda tu. Katiba ya Marekani iliyoandikwa mwaka 1787 nayo ikasema majaji wa shirikisho watashika nafasi zao "during good Behaviour". Ukisoma kama muda, ni muda. Ukisoma kama sharti, ni sharti. Mfasiri anayelazimisha upande mmoja hapo anavunja kitu. Huwa natumia "maadamu", namshukuru mzee.

Sasa niingie kwenye kosa lililonigharimu zaidi kuliko waya, kwa sababu waya haukuwa na hisia.

Nilikuwa na mfanyakazi mwenzangu, mgeni aliyekulia ndani ya Kiingereza. Mkewe alikuwa mjamzito wa miezi minane. Nikamwandikia ujumbe wa upole, niliouona wa kindugu kabisa: "If the baby is born, we will all come and see him." Kichwani mwangu ilikuwa "mtoto akizaliwa tutakuja sote kumwona". Hakuna salamu ya kawaida zaidi ya hiyo. (Ile "him" nayo ina kesi yake, kwa kuwa "yeye" wetu hana jinsia, tuiache.)

Mchana mzima kimya. Jioni akaja mezani kwangu, uso umemshuka, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna kitu nimesikia. Kitu gani? Kuhusu mtoto. Je, kuna mtu wa hospitali ninayemfahamu?

Nilihisi ardhi inazama. Katika Kiingereza nilikuwa nimeandika: mtoto akibahatika kuzaliwa. Neno moja la herufi mbili lilikuwa limetia shaka juu ya uhai wa mtoto wake. "When the baby is born" ingekuwa salamu. "If" ilikuwa dua mbaya.

Chanzo ni kile kiambishi chetu kidogo, "-ki-". Jua likizama, tutaondoka. Mvua ikinyesha, tutabaki. Jua litazama bila shaka. Mvua huenda isinyeshe. Sisi tunatumia "-ki-" ileile kwa yote mawili, na msikilizaji anajua mwenyewe lipi la hakika na lipi la kubahatisha. Kiingereza hakimpi msemaji nafasi hiyo. Kabla hujafungua kinywa kinakuuliza: unaamini litatokea? Ukiamini, sema "when". Usipoamini, sema "if". Sisi tunaweza kutenganisha tukitaka, "atakapozaliwa" upande huu na "endapo atazaliwa" upande ule, ila katika maongezi ya kila siku nani anajisumbua?

Na tukubali kwamba wakati mwingine hatutaki kutenganisha. "-ki-" ni pazia zuri. Mtu anayekudai anapopiga simu unamwambia: "Nikipata nitakulipa." Yeye anasikia siku ya kulipwa. Wewe umesema sharti. Hakuna aliyedanganya. Niliwahi kupewa barua yenye maneno hayo niitafsiri kwa Kiingereza, kwa sababu mdai alikuwa mtu wa mbali. Nilikaa na sentensi hiyo muda ambao sitautaja. "When I get the money" ni ahadi. "If I get the money" ni kukwepa. Mdaiwa, mwenye barua, alitaka iwe ahadi. Moyo wake, ukiisoma barua nzima, ulikuwa kwenye kukwepa. Mwishowe nilimpigia nikamuuliza: ndugu yangu, utapata au hutapata? Akacheka sana. Kisha akasema, "Andika yoyote." Niliandika "as soon as I get the money", ambayo imeelemea upande wa ahadi kwa adabu lakini haisemi lini. Najua si uaminifu kamili. Hadi leo sijaona tafsiri bora zaidi.

Makosa mengine yalikuwa madogo, ila yalikuwa mengi. Kwa miaka niliandika "I will call you when I will arrive". Kwetu ni "nitakupigia nitakapofika", na ile "-taka-" inaonyesha wakati ujao pande zote mbili. Kiingereza kinataja wakati ujao mara moja tu, kwenye kishazi huru. Kishazi cha wakati au cha sharti kinabaki na wakati uliopo: "when I arrive", "as soon as I arrive", "if I arrive". Niliposhika hilo, nikazidisha kwa kulipeleka mahali lisipohusika. "I don't know when he will come" ni sahihi kabisa, kwa sababu hapo "when" haifungui kishazi cha wakati. Ni swali lililofichwa. Nilikuwa nimeanza kuisahihisha kwa wanafunzi. Nisameheni.

Ya "-nge-" nayo nitaipita haraka. Sisi tunasema "ningejua ningekuja", pacha na pacha, na kwa hiyo tunaandika "if I would know, I would come". Kiingereza kinaweka "would" upande wa matokeo tu. Upande wa sharti kinarudi nyuma wakati mmoja: "if I knew". Na kwa lililokwisha kupita, "ningalijua ningalikuja", kinarudi hatua mbili: "if I had known, I would have come".

Kabla je? Hili linastahili muda kidogo. Tunasema "zima mashine kabla haijapata moto". Kuna kikanushi pale, "haija-". Katika Kiingereza changu cha mwanzo hilo lilitoka "before it has not become hot", na msomaji akabaki anakuna kichwa. Kiingereza kinasema tu "before it gets hot". Nilijiuliza lugha ipi ina mantiki, nikaona zote. Kiingereza kinapanga matukio mawili kwenye foleni: hili kwanza, lile baadaye. Kiswahili kinasimama kwenye tukio la kwanza na kutazama lile jingine, na kutoka hapo kinaona kwamba bado. Haijapata moto. Ni ukweli mtupu; wakati unazima mashine, moto bado haujaja.

"Mpaka" ilinipotezea mteja. Nilimwandikia: "I will finish the document until Friday." Nilimaanisha ikifika Ijumaa iko mkononi mwake. Ila "until" inataka kazi inayoendelea bila kukoma hadi mpaka ufikiwe, kama "I will work until Friday". Kwa tendo linalotimia mara moja kabla ya mpaka huo, neno ni "by Friday", na kama kinafuata kishazi kizima, "by the time you return". Mteja aliuliza kama kazi itaisha au itaendelea. Nikamjibu "until Friday" kwa herufi kubwa. Akaenda kwa mwingine, na sikumlaumu.

Lililowachekesha wengi lilikuwa la ufunguo. Maelekezo yalisema: "Leave a spare key outside in case the lock jams." Nikaandika: "Acha ufunguo wa akiba nje iwapo kitasa kitakwama." Msomaji mmoja, mama mwenye ucheshi mkavu, alileta swali kupitia kwa mzee: "Mwambieni huyo kijana, kitasa kikishakwama nami niko ndani, ufunguo nitautoa nje kupitia wapi?"

Alikuwa sahihi. "If" inangoja tukio ndipo utende. "In case" inatenda sasa, kwa kuogopa tukio ambalo huenda lisitokee kamwe. Take an umbrella if it rains: mvua ikianza, chukua mwavuli. Take an umbrella in case it rains: uchukue sasa hivi, jua likiwa kali. Nilitafuta neno letu moja la kubeba hilo nikakosa. "Isije" iko karibu, ila "kitasa kisije kikakwama" inafanya ionekane kana kwamba ufunguo wa nje ndio utakaozuia kitasa kukwama. Nikaishia na sentensi mbili: "Acha ufunguo wa akiba nje. Huenda siku moja kitasa kikakwama." Mzee aliisoma, akainua kichwa, akasema Kiswahili hakilipi kodi kwa nukta. Tangu siku hiyo, kishazi cha Kiingereza kikikataa kuingia, nakikata.

Sijasema lolote la "no sooner", na ningependa nisiseme, kwa kuwa ni pambo kuliko chombo. Ila mitihani inalipenda. "No sooner had I sat down than the phone rang." Watu huandika "when" mahali pa "than", na kosa lao linaeleweka, maana wanafikiria wakati. Lakini "sooner" ni ya kulinganisha, na ya kulinganisha hudai "than" yake popote iendapo. Sisi tunasema "sijakaa sawasawa, simu ikalia", na tunaendelea na maisha.

Yule mwenzangu alipata mtoto salama, wa kike. Nilikwenda kumwona na zawadi kubwa kuliko uwezo wangu. Miaka imepita, naye ameanza kujifunza Kiswahili, kwa bidii ya kutisha, daftari mkononi. Juzi alikuwa safarini nikamwandikia: "Ukifika nipigie."

Jibu lilikuja baada ya dakika chache, kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama rula. Aliuliza kama hiyo "ukifika" ni ya hakika au ya shaka, na kama kuna jambo lolote kuhusu ndege yake ambalo mimi nalijua na yeye halijui.

Nikamjibu: "Ukifika utajua."